Kabasele Tshamala, mwenye wimbo wa Independansi

Mu kampanye ya Desemba 2023, sisi wa Beni na Butembo tulisikia muziki kuliko tulivyosikia programu. Gari lilikuwa linapita pa Rond-point Nyamwisi na vipaza sauti juu, pikipiki nyuma, picha ya kandida mbele, na ndani ya vipaza sauti ile cha-cha-cha ya zamani ambayo mtoto wa Kongo anaijua mbele ya kujua kusoma. Gari la pili likapita, chama kingine, rangi nyingine, wimbo ni ule ule. Tulikuwa tumekaa kando ya barabara na wenzetu waliotoka ku mashimo ya Manguredjipa. Mzee mmoja kati yetu akauliza wimbo huu ni wa chama gani. Hakuna aliyejibu. Vijana walifikiri ni wimbo wa serkali, sawa vile wimbo wa taifa.

Si wa serkali. Uko na mwenyewe, na mwenyewe njo Joseph Kabasele Tshamala, yule wazee wanaita Grand Kallé. Makandida walijua jina la wimbo, Indépendance Cha Cha. Jina la mtu hawakulitaja hata mara moja, na kama kuna mmoja aliyetafuta familia yake ao ofisi ya haki za watunzi mbele ya kupiga ule wimbo, hatukumsikia. Kwa hiyo tumeona vizuri kueleza hapa maisha ya mtu huyu. Mchimbaji ataelewa haraka, maana anajua namna kitu kinatoka kwenye mkono wa mtu mmoja na kufika sokoni na jina la mwingine.

Kabasele alizaliwa Matadi tarehe 16 Desemba 1930, kule ku bandari ambako mali yote ya Kongo ilikuwa inapandishwa meli. Wazazi wake walikuwa watu wa Kasai. Alikomea Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, akasoma kwa wapadri, akaimba kwenye kwaya ya kanisa. Kisha masomo akapata kazi ya ofisi, kuandika kwa mashini. Ile wakati, kijana mweusi mwenye kazi ya mashini, shati nyeupe na mshahara wa mwisho wa mwezi alikuwa mtu wa kuonewa wivu. Muziki ulihesabiwa kuwa kazi ya watu wa bangi na ya wasio na adabu. Yeye akaacha mashini, akachukua muziki. Familia haikufurahi, na sisi tulio na watoto tunaelewa familia ile.

Léopoldville ya siku zile ilikuwa na manyumba ya kurekodi. Ngoma ilifunguliwa na Mgriki Nicolas Jeronimidis mwaka wa 1948. Loningisa ilikuwa ya Mgriki mwingine, Papadimitriou. Opika ilikuwa ya ndugu Benatar, Wayahudi wafanyabiashara. Mwenye nyumba alikuwa na mashini ya kurekodi, gitari, sakisofoni, na njia ya kutuma kazi Ulaya ili igeuke disiki. Mwimbaji alikuwa na sauti yake tu. Alipewa feza kidogo kwa wimbo, mara nyingine mshahara, na kisha pale, disiki iuzwe mia ao iuzwe elfu, hesabu ilibaki kwa mwenye mashini. Tunalijua shimo la namna hiyo. Mwenye shimo analeta pampu, kamba na chakula, na siku zahabu inaonekana, deni limekwisha kula fungu la aliyeingia chini.

Ku Opika njo Kabasele alianzisha orkestra yake mwaka wa 1953, African Jazz. Sauti yake ilikuwa laini, lakini yenye kusikika mbali, na alijua kuvaa. Kando yake walikuwa Nicolas Kasanda, yule Docteur Nico, aliyeanza kupiga gitari bado mtoto, na mkubwa wake Dechaud. Walichukua miziki ya Kuba iliyokuwa inafika kwa disiki, wakaiingiza mu Lingala. Baadaye, mwaka wa 1959, akaingia kijana mwingine, Tabu Ley Rochereau. Mtu akitafuta muziki wa Kongo wa miaka yote iliyofuata, karibu kila njia inarudi ku nyumba hii ya African Jazz ao ku OK Jazz ya Franco.

Sasa tufike mwaka wa 1960, kwa sababu kesi yote inaanzia pale.

Wabelgiji waliita viongozi wa Kongo Brussels, ku mkutano wa Table Ronde, kuanzia tarehe 20 Januari. Thomas Kanza, Mkongo wa kwanza asiye padri aliyemaliza chuo kikuu Ulaya, kule Louvain, akafikiri kwamba wajumbe hawa wako mbali na kwao, kwenye baridi, na wanahitaji muziki wa nyumbani. Akapanga orkestra isafiri. Kabasele akaenda na Nico, Dechaud, Roger Izeidi na Petit Pierre, na OK Jazz ikawapa watu wawili, Vicky Longomba na Brazzos. Mtu asisahau jambo hili: hawakuwa wajumbe. Hawakuwa na kiti kwenye meza ile. Walikuwa wafanyakazi walioitwa kazini, sawa vile wapishi na wenye kufagia chumba cha mkutano.

Tarehe 27 Januari siku ya uhuru ikajulikana: 30 Juni 1960. Ku Hoteli Plaza, Brussels, wimbo ukapigwa. Kabasele alikuwa ameutunga kwa haraka, kwa Lingala, na kuingiza Kikongo na Tshiluba. Ndani yake aliweka majina ya vyama na ya viongozi, moja kwa moja, kama mtu anayeita watu kwenye lisiti ya mshahara: Abako, Conakat, MNC, Bolikango, Kasavubu, Lumumba, Kalonji, Tshombe, Kamitatu na wengine. Akaweka hata jina la orkestra yake kati ya vyama, na hapo alikuwa mjanja. Lakini sisi wa Kivu tukisikiliza vizuri, tunaona kitu. Cerea, chama kilichokuwa na nguvu kwetu, hakimo. Anicet Kashamura alikuwa kwenye Table Ronde, baadaye akawa waziri wa habari wa Lumumba, hayumo. Neno la Kiswahili halimo. Na bado tunaucheza ku Butembo, ku Oicha, ku Lubero, wakati wa arusi na wakati wa 30 Juni. Njo kusema wimbo ule ulikuwa na nguvu.

Nguvu ile ilitokana na nini? Tunafikiri ni hivi. Mchana kutwa wanasiasa wale walikuwa wanavutana: wengine wanataka Kongo moja, wengine wanataka Kongo ya majimbo, kila mmoja na wakili wake wa Ulaya. Kabasele akawapanga pamoja kwa dakika tatu, na miguu ya watu ikakubali. Redio ikaupeleka mpaka mahali ambako gazeti halifiki, na ukavuka mipaka, watu wa nchi nyingine wakautumia kwa uhuru wao wenyewe.

Umoja ule ulibaki ndani ya disiki tu. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja kisha uhuru, Tshombe akakata Katanga. Mwezi uliofuata Kalonji akakata Kasai ya Kusini. Septemba, Kasavubu akamfukuza Lumumba. Tarehe 17 Januari 1961, Lumumba akauawa Katanga, mwaka haujatimia tangu watu wale wale wacheze pamoja kwenye hoteli ile. Tshombe naye alikufa kifungoni Algiers, tarehe 29 Juni 1969, siku moja mbele ya sikukuu. Wimbo haukumfuata mtu. Ulibaki, na kila mukubwa aliyekuja nyuma akauokota kama kitu kisicho na mwenyewe.

Lakini Kabasele hakurudi kutoka Brussels na wimbo tu. Alirudi na karatasi. Alipatana na kampuni ya disiki ya kule, Fonior, akafungua alama yake mwenyewe, Surboum African Jazz. Inahesabiwa kuwa ya kwanza ya Mkongo. Kwa mara ya kwanza, jina lililoandikwa katikati ya disiki lilikuwa la mtu aliyeimba, si la mwenye duka. Hata Franco na OK Jazz, waliokuwa washindani wake, walirekodi Brussels mwaka wa 1961 kwa njia ya Surboum. Wengi wanamsifu Kabasele kwa sauti. Sisi tunamsifu kwanza kwa jambo hili. Wanasiasa waliomba Wabelgiji uhuru wa nchi na mashimo ya madini yakabaki na wenyewe wa zamani. Mwimbaji alikwenda kwenye mji ule ule, wakati ule ule, akarudi na kazi yake mkononi.

Hatumfanyi mtakatifu. Alipokuwa patron, wapigaji wake walilalamika sawa vile wafanyakazi wote wanavyolalamika. Mwaka wa 1963 Nico, Rochereau na karibu orkestra yote wakamwacha, wakaenda kuanzisha African Fiesta, na kati ya sababu zilizosemwa feza haikukosa. Mtu anaweza kukataa kunyonywa na bosi, na kisha akajifunza kuwa bosi. Tumeona hayo ku mashimo, tumeona hayo hata mu sendika. Kabasele akatafuta vijana wengine, akaendelea, lakini African Jazz haikurudia nguvu ya zamani. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 akaenda Paris, akarekodi na African Team pamoja na Manu Dibango wa Kameruni, ambaye yeye mwenyewe njo alimleta Léopoldville mwaka wa 1961.

Aliporudi, nchi ilikuwa imegeuka. Mobutu alikuwa amechukua madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Mwaka wa 1971 Kongo ikaitwa Zaïre, na muda kidogo nyuma majina ya ubatizo yakakatazwa. Joseph akatoka kwenye karatasi, akabaki Kabasele Tshamala. Na hapa kulianza ile waliyoita animasyo. Wazee waliofanya kazi ku makampuni wanakumbuka: asubuhi, mbele ya kushika kazi, kusimama kwenye mistari, kuimba na kucheza kwa kumsifu Guide na chama cha MPR. Ku shule vilevile, ku maofisi vilevile. Asiyecheza alikuwa anatafuta matatizo.

Nyimbo zile zilitoka wapi? Mingi kati yake zilichukuliwa tu. Wimbo wa arusi wa kijiji, wimbo wa kanisa, wimbo wa watu wa mtoni. Maneno yakaondolewa, jina la Mobutu likawekwa. Bibi aliyeimba wimbo ule kwa arusi ya binti yake hakuombwa ruhusa, na angeiombwa na nani? Mtoto wa leo anayesikia kandida akipiga wimbo wa mtu bila kuuliza anafikiri ni fujo mpya ya vipaza sauti na flashi. Ni desturi ya zamani. Chama kimoja kilifundisha vyama vyote.

Tuseme pia kwamba chombo cha kulinda watunzi kilikuwepo. SONECA ilianzishwa mwaka wa 1969, kwa kukusanya feza za haki za wanamuziki na waandishi. Sheria ilikuwepo, ofisi ilikuwepo. Lakini nani angepeleka fakture kwa chama ambacho njo kilikuwa serkali yenyewe?

Kabasele hakuona mwisho wa desturi ile. Alikuwa mgonjwa muda mrefu. Alikufa tarehe 11 Februari 1983, akiwa na miaka 52. Mali nyingi hakuacha. Mtu ambaye wimbo wake ulikuwa umekwisha kupigwa kila 30 Juni kwa miaka zaidi ya ishirini.

Mwaka uliofuata kifo chake, 1984, kulikuwa kura ya rais mwenye kandida mmoja. Franco akatoa disiki kubwa ya kumpigia kampanye Mobutu, Candidat na biso Mobutu. Huyu Franco aliwahi kufungwa mwaka wa 1978 kwa sababu ya nyimbo zilizoitwa za aibu. Alijua gereza linafananaje. Watu wanabishana mpaka leo kama aliimba kwa mapenzi, kwa feza ao kwa woga. Sisi tunasema mahali pasipo na ruhusa ya kukataa, neno ruhusa halina kazi. Mwaka ule ule wa 1984, kule Marekani, Rais Reagan alikuwa mu kampanye, akataja kwa sifa jina la mwimbaji Bruce Springsteen kwenye hotuba yake huko New Jersey, kama vile mtu yule ni wa upande wake. Siku chache nyuma Springsteen akaonyesha wazi mbele ya watu, ku konseri, kwamba hakubaliani, kisha akarudi nyumbani kwake akalala. Hapo njo tofauti ilipo: si muziki, ni kulala.

Tarehe 5 Aprili 1986 ilitoka sheria ambayo ingali inatumika, ordonansi-sheria namba 86-033 juu ya haki za watunzi. Inasema kazi ya mtunzi ni mali yake, na kisha kifo chake ni ya warithi kwa miaka 50. Hesabu ni rahisi: Kabasele alikufa 1983, kwa hiyo wimbo wa Independansi uko na wenyewe mpaka mwisho wa 2033. Franco alikufa Oktoba 1989, zake zinafika 2039. SONECA ilikufa, na tangu 2011 kuna SOCODA. Anayetaka kupiga wimbo mbele ya watu anapashwa kupata ruhusa na kulipa. Na juu ya feza kuna kitu kingine ndani ya sheria, heshima ya kazi yenyewe: mtunzi anaweza kukataa wimbo wake uharibiwe ao ugeuzwe. Kandida anayebadilisha maneno ili kuingiza namba yake ya lisiti anagusa haki hiyo pia.

Kwetu jambo hili si la Kinshasa tu. Tunakumbuka Desemba 2018, wakati Beni na Butembo tuliambiwa kura ya rais haitafanyika kwetu kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Kura ya wabunge ikasukumwa mpaka Machi 2019. Beni watu walipiga mistari tarehe 30 Desemba, wakapiga kura yao wenyewe ya kuonyesha, na kunawa mikono mbele ya kuingia. Ku mistari ile kulikuwa nyimbo. Hakuna kandida aliyezilipa, na siku ile hatukumdai mtu. Zilikuwa zinatoka kifuani kwa watu. Wimbo ambao watu wanauimba wenyewe kwa uchungu wao, na wimbo unaowekwa juu ya gari la mtu anayetafuta mshahara wa bunge, si kitu kimoja, hata kama noti ni zile zile.

Kijana mmoja wa Butembo, ambaye hatutamtaja jina, alitunga wimbo wa amani kwa ajili ya watu waliouawa upande wetu. Aliurekodi kwa feza aliyopata kwa kubeba mizigo. Mu kampanye akausikia juu ya gari, jina la kandida limeingizwa katikati. Alipokwenda kuuliza alipewa tishati na fanta. Akatufuata sisi, kwa sababu alisikia kwamba sendika inajua kuandika barua. Tuliandika. Hapo njo tulianza kusoma ile sheria ya 1986 na maisha ya Kabasele, na hapo pia njo tuliona aibu. Kwa maana 1 Mei, siku ya wafanyakazi, sisi wenyewe tulikuwa tunatembea kutoka komini ya Bulengera mpaka katikati ya mji na spika moja, na wimbo wa kwanza ku flashi yetu ulikuwa Indépendance Cha Cha. Miaka mingi. Hatukuuliza mtu.

Baloji, mtoto wa Lubumbashi anayeishi Ubelgiji, aliurudilia wimbo ule mwaka wa 2010, miaka 50 kisha uhuru, na jina aliloweka kando ya jina la Kifaransa ni la Kiswahili, Siku ya Baadaye. Vijana wetu wanaupenda. Umeingia pia ku flashi.

Kwa hiyo, mbele ya 1 Mei inayokuja, katibu wetu amepewa kazi ya kuuliza bei ya ruhusa na namna ya kulipa kutoka huku mbali. Mu bajeti ya siku ile tumeongeza mstari mmoja. Kuko maji, kuko essence ya jenereta, kuko kitambaa cha bendera, na chini ya kitambaa kumeandikwa: Kabasele.